Lenzi isiyofaa huipofusha kamera ghali ya kiwandani

MWENYE macho haambiwi tazama, walinena wahenga. Lakini macho ya mtambo ni ya kununuliwa, na anayeyanunua bila kujua anataka yaone nini huenda akaishia kuwa na kamera ya bei ghali inayopitisha chupa mbovu mchana kutwa bila kung'amua lolote.

Kamera za kukagua bidhaa si jambo geni tena viwandani. Hutazama kama kifuniko cha chupa kimekaa sawasawa, kama tarehe ya mwisho wa matumizi imechapishwa na inasomeka, kama tembe zote za dawa zimo katika pakiti, na hata kupanga maparachichi kwa ukubwa na rangi kabla ya kusafirishwa ng'ambo.

Humu nchini, haja ya macho ya aina hiyo iliongezeka Novemba 2019, Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA) ilipopanua mfumo wake wa stempu za ushuru hadi kwa maji ya chupa, soda na sharubati. Bidhaa inayotoka kiwandani sharti iwe na alama inayoweza kusomwa, na mkanda wa kiwanda haumsubiri mtu avae miwani.

Hata hivyo, mwekezaji anapoamua kununua kamera, swali la kwanza analouliza huwa ni idadi ya pikseli, yaani zile nukta ndogo zinazounda picha. Lenzi huachwa mwisho kabisa, ikaagizwa kwa kutazama bei, kana kwamba ni kizibo tu cha kuzuia vumbi lisiingie ndani.

Hapo ndipo mambo huharibika. Kamera haioni kitu ila kile ambacho lenzi imekiruhusu kupita. Picha iliyofika ikiwa na ukungu, pikseli milioni tano zitaurekodi ukungu huo kwa uaminifu mkubwa, na programu ya tarakilishi iliyo nyuma yake itatoa uamuzi kwa kuutegemea.

Madhara yake ni ya pande mbili. Upande mmoja, chupa yenye kifuniko kilichopasuka hupita, ikafika dukani, na mteja akaifungua akidhani maji yaliyomo ni salama. Upande wa pili, chupa nzuri hukataliwa.

Kiwanda kinachojaza chupa 12,000 kwa saa, kikiwa na kamera inayokataa kimakosa chupa moja katika kila 100, hutupa chupa 120 zisizo na hatia kila saa. Kwa zamu ya saa nane, hizo ni chupa 960. Si ajabu kwamba mitambo kama hiyo huishia kuzimwa na wafanyakazi wenyewe, kazi ikarejea kwa mkaguzi aliyeketi mbele ya taa, ambaye macho yake huchoka kabla ya saa kukamilika.

Anza na kasoro, si na kamera

Njia ya kuepuka hasara hiyo ni kugeuza mpangilio wa maswali. Badala ya kuanza na kamera, mnunuzi aanze na kasoro ndogo kabisa ambayo mtambo haufai kuikosa, kisha apige hesabu akirudi nyuma hadi kwenye lenzi.

Chukulia kiwanda cha maji kinachotaka kukagua shingo ya chupa ya nusu lita: kifuniko, pete ya usalama iliyo chini yake, kimo cha maji, na tarehe iliyochapishwa begani. Kasoro ndogo kabisa inayotafutwa ni ufa wa milimita 0.2 katika pete ya usalama.

Kanuni inayotumiwa sana ni kwamba kitu kidogo kabisa kinachosakwa kiangukie pikseli tatu au nne angalau. Pikseli moja haitoshi, kwa kuwa programu haiwezi kutofautisha ufa na chembe ya vumbi au mmeto mdogo wa taa.

Eneo linalopaswa kuonekana ni la upana wa milimita 120. Chupa yenyewe ina upana wa takriban milimita 65, lakini haifiki mbele ya kamera pahali palepale kila mara, kwa hivyo ni busara kuacha nafasi pande zote mbili.

Kamera ya pikseli milioni tano inayopatikana kwa wingi ina pikseli 2,448 kwa upana na 2,048 kwa kimo. Ukigawa 2,448 kwa milimita 120, unapata pikseli 20 hivi kwa kila milimita. Ufa wa milimita 0.2 utaangukia pikseli nne. Kamera hiyo inatosha, na hakuna haja ya kulipia pikseli milioni 12.

Ikumbukwe kwamba kishawishi kikubwa katika hatua hii ni kutaka kuona kila kitu kwa mara moja. Meneja akiomba kamera hiyohiyo itazame chupa mbili kwa pamoja, upana utakuwa maradufu na ufa utabaki na pikseli mbili pekee. Eneo pana hulipiwa kwa kupoteza vitu vidogo, na hakuna lenzi inayoweza kufuta deni hilo.

Urefu wa fokasi

Kipimo kinachotajwa kwanza katika lenzi yoyote ni urefu wa fokasi, unaoandikwa kwa milimita. Lenzi yenye fokasi fupi huona eneo pana. Yenye fokasi ndefu huona eneo jembamba lakini kwa ukubwa zaidi.

Ili kuupata, mnunuzi anahitaji vipimo vitatu: upana wa eneo linalotazamwa, umbali wa kamera kutoka kwa bidhaa, na upana wa kihisi, yaani kile kipande cha kielektroniki kinachopokea mwanga ndani ya kamera.

Kamera iliyotajwa hapo juu, yenye pikseli za ukubwa wa maikroni 3.45 kila moja, ina kihisi cha upana wa milimita 8.45. Tuseme nafasi iliyopo kando ya mkanda ni milimita 300. Zidisha 8.45 kwa 300, kisha ugawe kwa 120. Jibu ni 21.

Tatizo ni kwamba lenzi ya milimita 21 si rahisi kuipata madukani. Lenzi za viwandani huuzwa kwa vipimo vilivyozoeleka kama vile milimita 8, 12, 16, 25, 35 na 50. Mnunuzi hana budi kuchagua kati ya 16 na 25, kisha aisogeze kamera badala ya kuilazimisha lenzi.

Kwa lenzi ya milimita 25, kamera itahitaji kuwa umbali wa takriban milimita 380 ili ione upana uleule wa 120. Kwa lenzi ya 16, umbali utakuwa takriban milimita 243.

Hesabu hizi mbili zimeongezewa urefu wa fokasi wenyewe, jambo ambalo kanuni fupi ya hapo juu huliacha. Kwa mtu anayepiga picha mlima, tofauti hiyo haina maana. Kwa kamera iliyo karibu na chupa, ni sentimita mbili nzima, na ndizo zitakazomfanya fundi akate chuma upya.

Isitoshe, umbali huo haupimwi kutoka kwenye kioo cha mbele bali kutoka mahali fulani ndani ya lenzi. Kwa sababu hiyo, fundi anayechomelea kishikio cha kamera anafaa kuacha mwanya mrefu wa kuisogeza mbele na nyuma kwa sentimita kadhaa, hata kama mhandisi anaapa kwamba hesabu zake ni sahihi.

Ni vyema pia kutazama umbali wa chini kabisa ambao lenzi inaweza kuona vizuri. Lenzi nyingi haziwezi kulenga kitu kilichokaribia kupita kiasi. Zipo pete nyembamba zinazowekwa kati ya lenzi na kamera ili kupunguza umbali huo, lakini zikiwekwa, lenzi hupoteza uwezo wa kuona mbali.

Kati ya lenzi hizo mbili, ile ya 25 ndiyo bora panapokuwa na nafasi. Sababu yake ni kwamba kitu kinapoikaribia kamera huonekana kikubwa zaidi, na kamera iliyo karibu hudanganywa zaidi na mabadiliko hayo.

Chupa ikisogea milimita 10 kuelekea kamera iliyo umbali wa 380, ukubwa wake huongezeka kwa takriban asilimia 2.7. Kifuniko cha milimita 30 kitaonekana kuwa cha 30.8. Kamera iliyo umbali wa 243 itakiona kuwa cha takriban 31.3. Kwa programu iliyoagizwa kukataa chochote kinachozidi 31, hiyo ni hukumu ya kuikataa chupa nzuri.

Lenzi za 'kukuza na kupunguza', zile ambazo mtu huzungusha ili eneo liwe pana au jembamba, huwavutia wengi kwa kuwa zinaonekana kuondoa haja ya hesabu zote hizi. Katika kiwanda chenye mtikisiko hazifai. Kinachoweza kuzungushwa na mkono kinaweza kuzungushwa na mtambo.

Jina la inchi linalopotosha

Lenzi sharti iwe na uwezo wa kufunika kihisi chote kwa mwanga. Lenzi hutupa picha ya mviringo nyuma yake, na kihisi cha mstatili hukaa ndani ya mviringo huo. Mviringo ukiwa mdogo, pembe nne za picha huwa nyeusi.

Wauzaji huandika ukubwa huu kwa inchi: nusu inchi, thuluthi mbili ya inchi, inchi moja. Mnunuzi anayechukua rula kupima atashangaa. Kihisi cha thuluthi mbili ya inchi, ambacho kingepaswa kuwa na takriban milimita 17, kina milimita 11 pekee kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala.

Chimbuko la mkanganyiko huu ni la zamani. Kabla ya vihisi vya kielektroniki vilivyotokana na uvumbuzi wa Willard Boyle na George Smith katika maabara ya Bell nchini Marekani mwaka wa 1969, kamera za televisheni zilitumia mirija ya kioo, na kipimo kilichotajwa kilikuwa cha unene wa mrija kwa nje. Sehemu iliyopokea picha ilikuwa ndogo kuliko hapo. Mirija ilitoweka, wavumbuzi hao wakatuzwa Nobel mwaka wa 2009, lakini jina la inchi likabaki.

La kukumbuka ni kwamba lenzi iliyotengenezewa kihisi kikubwa hufanya kazi vizuri kwenye kihisi kidogo. Kinyume chake hakiwezekani. Lenzi ya nusu inchi, ambayo kihisi chake kina milimita nane kutoka pembe hadi pembe, haifai kuwekwa kwenye kamera yetu ya milimita 11 hata ikiwa imepunguzwa bei kwa nusu.

Vivyo hivyo, maneno 'megapikseli tano' yaliyochapishwa kwenye lenzi yasichukuliwe kuwa ushahidi. Pikseli zimo katika kamera. Lenzi haina hata moja. Muuzaji anachodai ni kwamba lenzi yake inaweza kutenganisha vitu vidogo kiasi cha kutosheleza kamera ya kiwango hicho.

Kwa pikseli za maikroni 3.45, kamera ina uwezo wa kutenganisha jozi za mistari, mweusi na mweupe, zipatazo 145 katika milimita moja ya kihisi. Kampuni inayoheshimu kazi yake huwa na mchoro unaoonyesha weusi na weupe wa mistari hiyo unavyofifia kadiri inavyosongamana, katikati ya picha na pembeni pia.

Pembeni ndipo pa kutazamwa. Lenzi nyingi za bei nafuu huona vyema katikati, na muuzaji hupenda kuonyesha picha ya katikati.

Tundu: mahali penye mvutano

Ndani ya lenzi mna tundu linaloweza kupanuliwa au kufinywa, mithili ya mboni ya jicho. Ukubwa wake huandikwa kwa namba kama vile f/2, f/2.8, f/4, f/5.6, f/8, f/11 na f/16. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo tundu linavyokuwa dogo, na kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu.

Hapa ndipo uchaguzi wa lenzi huwa mgumu, kwa kuwa kila faida ina gharama yake.

Tundu dogo huongeza kina cha eneo linaloonekana wazi mbele na nyuma ya pale lenzi ilipolengwa. Katika mfano wa kiwanda cha maji, tukikubali ukungu usiozidi pikseli mbili, tundu la f/4 hutoa kina cha takriban milimita 12. Tundu la f/5.6 hutoa takriban 17, na la f/8 hutoa takriban 24.

Je, kina kinachohitajika ni kipi? Kifuniko cha milimita 30 ni mviringo, kwa hivyo nusu inayoikabili kamera ina kina cha milimita 15 kutoka mbele hadi ubavuni. Juu ya hapo, chupa huyumbayumba kati ya reli mbili za kuiongoza. Ikiyumba milimita tano mbele na tano nyuma, jumla ni milimita 25.

Tundu la f/8 linakaribia kutosha. Kwa nini basi mtu asifinye zaidi hadi f/16 ili awe na usalama? Wengi hufanya hivyo, nao hushangaa picha inapozidi kuwa na ukungu badala ya kuwa wazi.

Sababu ni tabia ya mwanga wenyewe. Unapopita katika tundu dogo, mwanga hutawanyika, na nukta moja ya bidhaa huwa doa kwenye kihisi. Kwa mwanga wa kijani, doa hilo lina upana wa takriban maikroni 5 kwa f/4, takriban 11 kwa f/8, na takriban 21 kwa f/16. Lenzi ya bei ghali kuliko zote duniani haiwezi kuikwepa sheria hiyo ya maumbile.

Ule ufa wetu wa milimita 0.2, ukishapunguzwa na lenzi, unafika kwenye kihisi ukiwa na upana wa maikroni 14. Kwa f/8, doa ni dogo kuliko ufa na ufa utaonekana. Kwa f/16, doa ni kubwa kuliko ufa, na weusi wake utafifia hadi kufanana na rangi ya plastiki iliyouzunguka.

Kiwanda kitakuwa kimenunua pikseli milioni tano na kuzitupa kwa kuzungusha pete moja.

Suluhisho la busara mara nyingi haliko kwenye lenzi kabisa. Fundi akizikaza reli ili chupa iyumbe milimita moja tu kila upande, kina kinachohitajika hushuka kutoka 25 hadi 17. Sasa f/5.6 inatosha, doa linapungua hadi takriban maikroni 7.5, na mwanga unaoingia unakuwa maradufu ya ule wa f/8. Kazi ya spana na dakika chache imefanya kile ambacho lenzi ya bei ya juu isingeweza.

Mwanga huo wa ziada haupotei bure. Chupa 12,000 kwa saa zilizoachana kwa sentimita 15 husafiri kwa mwendo wa nusu mita kwa sekunde. Ili picha isiburuzike zaidi ya pikseli moja, kamera inapaswa kufunga jicho lake baada ya sehemu moja ya 10,000 ya sekunde.

Katika muda mfupi kiasi hicho, taa za kawaida za darini hazina msaada wowote. Panahitajika taa za LED zinazomulika kwa kishindo kila picha inapopigwa, na bei ya taa hizo hupanda kadiri tundu linavyofinywa. Ndiyo maana anayenunua lenzi bila kufikiria taa amefanya nusu ya kazi.

Lenzi zisizodanganywa na umbali

Ipo jamii ya lenzi ambazo hupokea tu miale inayosafiri sambamba, kiasi kwamba kitu hakionekani kuwa kikubwa kinapokaribia wala kidogo kinapotengana na kamera. Kwa upimaji wa vipuri vya chuma ambavyo kosa la sehemu ya mia ya milimita halivumiliki, hazina mshindani.

Kwa chupa zetu, la. Kioo cha mbele cha lenzi ya aina hiyo hakina budi kuwa kipana kuliko kitu kinachotazamwa. Kuona milimita 120 kungehitaji lenzi yenye uso mkubwa kuliko kiganja cha mtu, nzito, na yenye bei inayoweza kuipita ya kamera yenyewe mara kadhaa. Muuzaji anayeipendekeza kwa kazi ya kukagua vifuniko anafaa kuulizwa maswali.

Kuna pia upotoshaji wa umbo, hasa katika lenzi za fokasi fupi, ambapo mistari iliyonyooka huonekana kupinda pembeni kama ubavu wa pipa. Programu inaweza kuunyoosha mstari huo baada ya kupiga picha ya karatasi yenye miraba. Kwa kusoma tarehe, si jambo la kukosesha usingizi. Kwa kupima, lisipuuzwe.

Jinsi lenzi inavyofungwa

Kamera nyingi za viwandani hutumia mojawapo ya mifungo miwili inayofanana sana, C na CS. Skrubu yake ni ileile ya upana wa inchi moja, kwa hivyo lenzi ya aina moja huingia kwenye kamera ya aina nyingine bila kizuizi. Tofauti ni umbali kutoka ukingo wa kamera hadi kwenye kihisi: milimita 17.526 kwa C na 12.526 kwa CS.

Lenzi ya C huweza kutumika kwenye kamera ya CS kwa kuongezewa pete ya milimita tano. Lenzi ya CS kwenye kamera ya C haina dawa. Itaona vitu vilivyoikaribia mno pekee. Fundi anaweza kupoteza siku nzima akidhani kamera imeharibika, kumbe ni herufi moja iliyokosekana katika fomu ya kuagizia bidhaa.

Vihisi vikubwa huhitaji mifungo mipana zaidi, kama ule wa F ambao kampuni ya Nikon ya Japani iliuanzisha mwaka wa 1959 kwa kamera za wapiga picha.

Lenzi ya kiwandani pia inapaswa kuwa na skrubu ndogo za kukaza pete zake mbili, ya kulenga na ya tundu. Mtambo unaotikisika usiku na mchana huzilegeza pole pole, na picha huharibika kidogo kidogo kiasi kwamba hakuna anayeweza kutaja siku ilipoanza kuharibika. Baadhi ya mafundi hutia alama ya rangi kwenye pete ili mtu akipita aone kwa jicho kama zimesogea.

Panapokuwa na mvuke, unga au maji ya kuoshea mitambo, lenzi hufungiwa ndani ya kasha lenye kioo. Kioo hicho nacho ni sehemu ya lenzi, na kikiwa kichafu hakuna hesabu itakayosaidia.

Plastiki na kioo hung'aa, na mng'ao huo unaweza kuificha tarehe. Vipo vichujio vya kupunguza mng'ao vinavyofungwa mbele ya lenzi, ila navyo humeza zaidi ya nusu ya mwanga. Mara nyingi kuihamisha taa kando kidogo hufaa zaidi. Vilevile, anayetumia taa za mwanga usioonekana kwa macho ya binadamu ahakikishe kwamba lenzi imetengenezewa mwanga huo, maana iliyolengwa kwa mwanga wa kawaida huweza kupoteza mlengo.

Jaribu kabla ya kulipa

Mnunuzi makini huomba lenzi ya majaribio kabla ya kutia sahihi. Huweka rula mahali ambapo chupa ingesimama, akapiga picha, na kuhesabu ni pikseli ngapi zilizo kati ya alama mbili za milimita. Zikiwa 20 au zaidi katika mfano huu, hesabu imetimia. Kisha huisogeza rula hadi pembeni mwa picha, akaitazama upya, na kuisogeza mbele na nyuma kwa kadiri ambayo chupa huyumba.

Baada ya rula, ni zamu ya chupa zenyewe. Si chupa nzuri zilizochaguliwa na idara ya mauzo, bali mbovu: iliyopasuka pete, iliyopinda kifuniko, iliyofutika tarehe, na ile ambayo wafanyakazi wawili wamewahi kubishana kama ni mbovu au nzuri. Hizi hutiwa alama na kuhifadhiwa ndani ya sanduku kando ya mtambo, na kupitishwa mbele ya kamera mwanzoni mwa kila zamu. Kamera ikishindwa kukamata hata moja, mkanda husimamishwa na lenzi kukaguliwa kwanza.

Kwenye kifuniko cha sanduku hilo kunafaa kuandikwa aina kamili ya lenzi, namba ya tundu iliyowekwa, na umbali wa kamera kutoka kwa chupa. Lenzi mbili za milimita 25 kutoka kwa watengenezaji tofauti hazitoi picha moja, na yule anayeipangusa usiku wa manane huenda asiwe ndiye aliyeifunga.